Mama mkwe hawezi kumeza hostia: je, anaikosa Damu ya Kristo?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Namuuguza mama mkwe wangu hapa Chamwino. Tangu apigwe kiharusi, hostia, mkate wa Komunyo, inamkwama. Mara ya mwisho alikohoa mpaka akaitoa, na mhudumu wa Ekaristi akasema tusubiri apate nafuu. Sasa ni miezi minne. Jirani yetu aliyehamia kanisa jingine anasema hata hivyo tulikuwa tunapewa nusu: mapadre wanainywa damu peke yao, wakati Yesu alisema asiyeinywa hana uzima. Kwenye harusi Dodoma mjini nimeona maharusi wakipewa vyote viwili. Kwa nini wao wapewe na sisi tunyimwe? Na mama afanyeje?

JIBU: Milele, amina. Mama mkwe wako hakupaswa kukaa miezi minne bila Komunyo. Hilo nitalirudia, ila kwanza nimjibu jirani, maana maneno kama hayo humkuta mtu akiwa amechoka na kuuguza, yakaingia ndani kuliko yanavyostahili.

Jirani anasoma Yohane 6:53, kisha anafunga kitabu. Angeshusha kidole mistari michache tu. Katika 6:57 Bwana anasema amlaye Yeye ataishi; kikombe hakitajwi. Katika 6:58 uzima wa milele unaahidiwa kwa aulaye mkate, kama ulivyoahidiwa katika 6:51. Ikiwa kukosa kikombe ni kukosa uzima, basi Bwana amejipinga mwenyewe katika hotuba moja. Halafu amsome Paulo, 1 Wakorintho 11:27: anayeula mkate AU kukinywea kikombe isivyostahili ana hatia ya mwili NA damu. Anakosea kwa kimoja, anashtakiwa kwa vyote viwili. Ingekuwaje hivyo kama katika umbo la mkate kuna mwili usio na damu? Mwili usio na damu ni maiti, na Kristo amekwisha kufufuka, hafi tena. Popote alipo, yupo mzima. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilitamka hilo mwaka 1551: Kristo mzima yumo katika kila umbo, na katika kila kipande umbo linapogawanywa. Kishike hicho kipande, tutakihitaji kwa mama.

Na ile “Nyweni nyote” ya Yesu kwenye karamu ya mwisho? Iliambiwa waliokuwa mezani, na Marko 14:23 anasema wote wakakinywea. Ndiyo maana padre anayeongoza Misa hana hiari: lazima apokee maumbo yote mawili. Anainywa kwa sababu sadaka haikamiliki asipokomunika. Hajajitengea fungu nono.

Ila tusimjibu jirani kwa uongo. Wapo Wakatoliki wanaodai kwamba waamini hawakuwahi kupewa kikombe. Walipewa, kwa zaidi ya miaka elfu. Lakini katika karne hizo hizo wagonjwa walipelekewa mkate peke yake nyumbani, na watoto wachanga walipewa Damu peke yake, na hakuna aliyeona kwamba wamepunjwa. Kikombe kilififia polepole huku Magharibi, Mtaguso wa Konstanz ukaifanya desturi hiyo sheria mwaka 1415, na mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafungua mlango tena. Makanisa mengi ya Mashariki, hata baadhi ya yaliyo chini ya Papa, hayakukiacha kamwe. Hii ni nidhamu ya Kanisa, nayo hubadilika. Imani kuhusu anayepokelewa haibadiliki.

Kuhusu harusi: taratibu za liturujia zinawaruhusu maharusi kupokea maumbo mawili, na askofu anaweza kuruhusu katika nafasi nyingine. Maumbo mawili ni ishara iliyo kamili zaidi ya karamu, lakini anayepokewa ni yuleyule. Kama uliwaona maharusi wakichovya hostia wenyewe, hapo palikosewa: padre ndiye anayechovya na kumwekea mtu ulimini. Na kigangoni kwenu ni suala la hesabu. Watu 300, kila mmoja akionja kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, ni lita moja na nusu, chupa mbili za divai. Ikibaki, haihifadhiwi kama hostia. Hunywewa palepale, na padre huyo pengine ana vigango viwili vingine vya kuendea kwa pikipiki. Wala isidhaniwe kwamba Dodoma, kwa kuwa ni nchi ya zabibu, chupa yoyote inafaa. Divai ya Misa ni ya zabibu tupu, isiyochanganywa na kitu wala kuharibika. Ya rozela, hata iwe nyekundu na tamu vipi, haigeuki kuwa Damu ya Kristo.

Sasa mama. Mhudumu aliogopa, na hofu yake naielewa, ila “tusubiri apate nafuu” si jibu kwa mgonjwa wa kiharusi. Jaribuni kwanza kipande cha hostia, chembe ndogo kama punje ya uwele. Mketisheni wima kabisa, asiegemee nyuma, kidevu kikiinama kidogo. Awe amelowanisha mdomo. Chembe ilowanishwe kwa maji kidogo kwenye kijiko, iwekwe upande wa mdomo ulio na nguvu, kisha msimharakishe. Kufunga saa moja hakumhusu mgonjwa, wala wewe unayemuuguza.

Chembe ikishindikana, sheria ya Kanisa, kanuni ya 925, inaruhusu Komunyo kwa umbo la divai peke yake panapo ulazima, na huu ni ulazima. Matone mawili matatu kwenye kijiko yanatosha. Lakini muulize kwanza muuguzi wa zahanati: wagonjwa wengi wa kiharusi hupaliwa na kitu chepesi kama maji kuliko kizito, na kwa mgonjwa wa namna hiyo chembe iliyolowa huenda ikawa salama kuliko matone.

Akitema tena, msitupe wala msifiche. Kiwekeni kwenye glasi ya maji safi, mfunike, kikiyeyuka kabisa maji yamwagwe kwenye sakrario kanisani, yaani sinki ambalo maji yake huingia moja kwa moja ardhini, au kwenye udongo safi pasipokanyagwa. Tone likidondoka, oshweni mahali pale kwa maji, na maji hayo yamwagwe vivyo hivyo. Si dhambi ya mtu. Ni ugonjwa.

Nenda kwa paroko kabla ya Jumapili, usimwachie mhudumu ujumbe. Mwambie mambo matatu: mama hamezi, aletewe chembe au Damu katika kichombo kinachofungwa kisimwagike (itakayobaki ataimalizia anayeileta), na kama bado hajapakwa, apewe Mpako wa Wagonjwa, ambao si wa kusubiri mtu akate roho. Ikiwezekana, Misa isomwe hapo nyumbani pamoja na jumuiya. Hapo hakuna cha kubeba njiani. Siku ambayo koo litakataa kila kitu, mwombee kwa sauti Komunyo ya tamaa, yaani sala ya kumtamani Kristo moyoni, naye aitikie hata kwa kukubana mkono. Na siku Padre atakapokuja, nawe ukomunike, maana naona katika barua yako hujasema lini mara ya mwisho ulipata nafasi ya kwenda Misa.