Nina masundosundo: je, binti yangu achanjwe?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, nimeolewa, naishi Morogoro. Nikiwa naoga niligusa vinyama vitatu sehemu za siri, vidogo kama punje za mtama. Nilikaa wiki tatu bila kumwambia mtu, kisha kituo cha afya wakaniambia ni masundosundo. Wifi yangu anasema mume wangu ndiye kaniletea. Na sasa shuleni kwa binti yangu wa miaka 10 wametangaza chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo watu wanasema inafunga kizazi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zile wiki tatu za kunyamaza zimeniuma kuliko yote uliyoandika, maana ugonjwa huu huwapata watu wengi mno wala si alama ya uchafu.

Masundosundo husababishwa na virusi vya HPV. Aina zake ni nyingi, lakini visa takriban 9 katika kila 10 vya vinyama hivyo hutokana na aina mbili tu, ya 6 na ya 11, ambazo ni nadra kuleta saratani. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Hata hivyo, mtu anaweza kubeba aina zaidi ya moja, nawe umeshavuka miaka 30. Omba kupimwa mlango wa kizazi. Muuguzi hupaka siki maalumu, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe.

Vinyama vyenyewe usivikate kwa wembe wala kuvipaka dawa ya kuunguza ya mtaani. Hospitali huvitibu kwa dawa ya kupaka au kwa kuvigandisha, na kama una ujauzito sema mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hazifai kwa mjamzito.

Kuhusu mume wako, wifi amehukumu bila ushahidi. Virusi hivi huweza kukaa mwilini miezi, hata miaka, kabla kinyama hakijachomoza, kwa hiyo hakuna daktari awezaye kusema nani alimwambukiza nani. Mwambie mwenyewe, kwa utulivu, naye akaangaliwe. Kondomu hupunguza maambukizi, ingawa haifuniki ngozi yote.

Binti yako achanjwe, tena mwaka huu. Chanjo haifungi kizazi. Hulinda mlango wa kizazi chenyewe, na hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi, ndiyo maana hutolewa mapema. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu. Muulize mhudumu ni chanjo ipi, kwa kuwa zipo zinazolinda dhidi ya aina ya 16 na 18 pekee, na zipo zinazoongeza ya 6 na 11, yaani hata masundosundo. Australia, iliyoanza kuchanja wasichana mwaka 2007 kwa chanjo inayolinda dhidi ya aina hizo nne, ilishuhudia masundosundo yakipungua sana kwa vijana wake. Wewe mwenyewe chanjo haitakuondolea vinyama ulivyonavyo.

Siku ya chanjo hakikisha binti yako amekunywa chai kabla ya kutoka, maana wasichana wengine huzimia kidogo kwa hofu ya sindano. Huchomwa mkononi, karibu na bega, na panaweza kuuma siku moja au mbili.