Mipaka Inapobadilika Kabla ya Siku ya Safari: Ushauri kwa Wanaobadilisha Ndege

Sehemu ya kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa kuwapangia watu safari za mikutano, na nimeona jinsi habari za nchi kujiunga na umoja fulani, kujitoa au kugawanyika zinavyopita masikioni mwa wasafiri bila kuhusishwa na tiketi walizokwisha kuzilipia. Anayesafiri moja kwa moja hukutana na serikali mbili tu, ya anakotoka na ya anakokwenda. Anayebadilisha ndege hukutana na serikali ya tatu, pengine na ya nne, na kila moja ina haki ya kubadili masharti yake baada ya yeye kununua tiketi.

Mfano ninaoutumia sana ni wa Romania na Bulgaria. Hadi tarehe 30 Machi 2024, ndege iliyotoka Bucharest kwenda Paris ilihesabiwa kuwa inatoka nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa pasipoti mipakani. Siku iliyofuata ukaguzi wa pasipoti baina ya viwanja hivyo uliondolewa, ijapokuwa mipaka ya nchi kavu ilisubiri hadi tarehe 1 Januari 2025. Chukua sasa msafiri anayetoka Istanbul kwenda Montreal kupitia Bucharest na Paris kwa tiketi moja. Zamani angeweza kubaki katika eneo la wapitao njia katika viwanja vyote viwili, mradi uraia wake haumlazimishi kuwa na viza ya kupitia uwanjani. Baada ya mabadiliko, anaingia Schengen akiwa Bucharest na kutoka akiwa Paris. Ikiwa uraia wake unahitaji viza, basi ni viza ya kuingia Schengen anayotakiwa kuwa nayo, kwa kuwa ile ya kupitia uwanjani haimruhusu kuvuka mpaka, na viza ya Kanada haiwezi kuziba pengo hilo. Njia ni ileile, lakini asiye na viza hiyo atazuiwa kwenye kaunta ya Istanbul kabla hajaiona ndege ya kwanza.

Mabadiliko ya namna hii, yanapopangwa kwa utulivu, mara nyingi hufuata kalenda ya mashirika ya ndege. Kroatia ilifungua barabara na bandari zake kwa Schengen tarehe 1 Januari 2023, lakini viwanja vyake vya ndege vilisubiri hadi tarehe 26 Machi. Siku hiyo, kama ile ya Romania na Bulgaria, ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi, ambapo ratiba ya ndege ya majira ya kiangazi huanza. Kwa sababu hiyo, mtu akiniletea tiketi aliyoinunua Desemba kwa safari ya Aprili, naisoma upya kwa masharti ya Aprili.

Kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya kulileta mambo ya aina nyingine. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya Schengen, hivyo pasipoti zilikuwa zikikaguliwa tangu awali; kilichobadilika mwanzoni mwa 2021 ni foleni, mihuri na masharti ya pasipoti yenyewe. Pasipoti ya Mwingereza anayeingia Schengen inapaswa kuwa imetolewa ndani ya miaka 10 kabla ya siku ya kuingia, na kubaki hai kwa miezi 3 baada ya siku anayokusudia kutoka. Tangu Oktoba 2025 umeanzishwa pia mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha za wageni wasio raia wa nchi za eneo hilo, jambo ambalo huchukua muda, hasa kwa anayesajiliwa mara ya kwanza. Ikiwa unaingia Schengen kwenye kituo cha kubadilishia ndege, dakika 60 zinazoonyeshwa kwenye tiketi kama muda wa kutosha hazinishawishi hata kidogo.

Kuna pia mipaka inayofungwa ghafla. Tarehe 5 Juni 2017, Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar, na mara moja safari za baina ya Doha na Dubai zikakoma. Waliozihitaji wakapitia Muscat au Kuwait hadi mgogoro ulipomalizwa Januari 2021. Wakati mwingine ni anga pekee inayofungwa, kama Niger ilivyofanya Agosti 2023. Anga ya Urusi ilipofungiwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, muda wa safari ya Helsinki kwenda Tokyo uliongezeka kutoka saa 9 hivi hadi takriban saa 13. Ratiba ya ndege ya pili haingojei marefu hayo.

Ushauri wangu wa kwanza ni kununua safari nzima kwa buking moja, hata kama tiketi mbili tofauti zinaonekana nafuu. Ukichelewa kwenye foleni ya pasipoti ukiwa na buking moja, kwa kawaida shirika hukutafutia ndege nyingine. Ukiwa na mbili, shirika la pili litakuhesabu kuwa hukutokea. Tena kwa tiketi mbili huenda ukalazimika kutoka nje kuchukua begi na kulikabidhi upya, na kutoka nje maana yake ni kuingia nchini. Kwa hiyo kaunta ya kwanza nasoma herufi tatu zilizo kwenye lebo ya begi: zikiwa za kituo cha kati badala ya mwisho wa safari, nauliza palepale, kabla mkanda haujalibeba. Marekani ni suala la peke yake, kwa sababu kila anayepitia huko hukaguliwa na uhamiaji, na wageni walio wengi lazima wawe na viza au idhini ya kuingia hata kama wanabadilisha ndege tu.

Tovuti za kuuza tiketi hazina mazoea ya kukuonya kuhusu haya, kwani kazi yao inaishia kwenye malipo. Uliza shirika la ndege na ubalozi wa nchi unayopitia, ukitaja uraia wako, kila kituo kwa mfuatano wake na tarehe ya kusafiri, kisha omba jibu la maandishi. Rudia kuuliza wiki moja kabla ya kuondoka. Shirika likibadili saa zake na muda wa kuunganisha ukabanwa, omba ndege nyingine siku hiyohiyo unapopata taarifa, wakati viti bado vipo, kwa sababu wenzako wa safari ile wamepokea ujumbe uleule.