Gari kugoma kuwaka Lushoto asubuhi

Dada, kama gari linawaka vizuri hapa Tanga mjini ila ukilala Lushoto mwezi wa saba alfajiri linagoma, anza na betri. Baridi huipunguzia nguvu, na betri iliyochoka hujificha kwenye joto letu la pwani. Fungua boneti uangalie vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa. Ukiona unga mweupe wenye ukijani, umeme haupiti vizuri. Chomoa waya wa hasi (-) kwanza, sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya vuguvugu yenye soda ya kuokea, kausha, paka grisi. Langu lilipona hivyo tu! Likigoma tena, fundi aipime: betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma karibu volti 12.6. Upepo wa tairi nao hushuka kwenye baridi, upime kabla hujaondoka. Na tafadhali kagua taa na waipa, ile barabara ya kupanda kutoka Mombo ina kona kali na ukungu.