Kukata bima ni kujichuria?

*Nina duka la vitenge na mashuka Mwanza. Niliposema nataka kulikatia bima ya moto, mama mkwe alikasirika: huo ni uchuro, naita moto kwa jina. Najua moto hauitwi, lakini nikishika fomu mkono unasita. Nifanyeje? – Mama Vitenge*

Dada, wengi wana hofu hiyo ila hawaisemi. Moto wa dukani huletwa na nyaya chakavu, soketi moja iliyobebeshwa pasi, feni na chaja, au jiko la jirani. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, moto haukuchagua nani ana bima na nani hana. Mwambie mama mkwe kwamba utaanza kwa kumwita fundi umeme akague nyaya, utanunua na kizima moto, kisha bima ifuate. Mzee akiona unauzuia moto kwanza, moyo wake hutulia. Kama kinachomkera ni riba, aulizie takafuli, ambako wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana.

Tunaogopa zaidi hili: mtu anayejaza fomu huku moyo unakataa hujaza harakaharaka, na hapo ndipo hasara inapoingia. Kosa kubwa ni kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Tuseme mzigo wako ni wa milioni 40, wewe ukaandika milioni 20. Ukiungua mzigo wa milioni 10, hulipwi milioni 10. Kampuni itasema ulikata bima ya nusu ya mali, basi italipa nusu ya hasara, yaani milioni 5, na kutoka humo itatoa kile kiasi ambacho mkataba unasema utabeba mwenyewe. Hesabu mzigo kwa bei uliyonunulia, katika msimu ambao duka limejaa, si mwezi wa ukame.

Pia soma majanga yaliyotajwa. Bima ya moto ya kawaida haibebi wizi, na mafuriko au ghasia mara nyingi huongezwa kwa ada ya ziada. Hata bima ya wizi kwa kawaida hudai dalili za kuvunja. Mlango ukifunguliwa kwa ufunguo, madai yanaweza kukwama. Lipa ada kwa akaunti ya kampuni, udai risiti, maana bila ada hakuna bima, hata wakala awe rafiki yako. Piga picha rafu zote na risiti za manunuzi, uzihifadhi kwenye barua pepe, kwa sababu daftari la mali lililokaa dukani huungua na duka.

Likitokea, piga 114 Zimamoto, chukua RB polisi, iarifu kampuni siku hiyohiyo, na usifagie chochote kabla mkadiria hasara hajafika.

*Mwaka wa tano nalipia bima kubwa ya gari na sijawahi kudai hata kioo. Naona kama nimeibiwa. – Dereva, Morogoro*

Mwaka usio na ajali umenunua ulinzi wa mwaka huo, haukuweka akiba. Lakini uchungu wako huenda una sababu nyingine: thamani ya gari umeibadilisha? Gari lililokuwa la milioni 20 likiwa sasa la milioni 13, kwa kiwango cha asilimia 3.5 ada inapaswa kushuka kutoka 700,000 hadi 455,000, kabla ya VAT. Ukiacha thamani ya zamani unalipa zaidi bure, kwani gari likiharibika kabisa utalipwa bei yake ya soko. Omba pia punguzo la kutokuwa na madai, na ukihama kampuni chukua barua inayolithibitisha. Kushuka hadi bima ndogo kunafaa tu ikiwa unaweza kununua gari lingine bila kukopa, kwa kuwa bima ndogo hulipa uliyemgonga, si gari lako.

*Nataka mume wangu akate bima ya maisha, lakini naogopa atadhani namwombea kifo. – Mama wa Watatu, Tanga*

Usianze na kifo, anza na ada za shule na mkopo wa nyumba: kaeni na karatasi, mwandike kila mwaka unahitaji kiasi gani hadi mtoto wa mwisho amalize. Pendekeza mkate wote wawili, kila mmoja amwandike mwenzake mnufaika, na neno la kuombeana kifo litakosa pa kushika. Watoto wakiandikwa wanufaika kabla ya miaka 18, mtajeni na mtu mzima wa kupokea kwa niaba yao. Presha au sukari isifichwe kwenye fomu. Likigundulika baadaye, kampuni inaweza kukataa kulipa. Na chagueni ada mnayoimudu hata mwezi mbaya, kwa kuwa ukivunja mkataba wenye akiba miaka ya mwanzo, unarudishiwa kidogo sana au hupati kitu.