Jibu: Mgeni aliyewika kwenye futiboli ya Australia

Mkuu, umeuliza kama yupo aliyejifunza futiboli ya Australia, mchezo wa huko unaotumia mpira wa duaradufu, akiwa karibu mtu mzima akafika kileleni, na maisha yake yaliishia wapi. Yupo: Jim Stynes wa Dublin, Ayalandi. Klabu ya Melbourne ya Australia ilimchukua mwaka 1984 akiwa na miaka 18. Kwao alicheza mpira wa Kigaeli, mchezo wa Ayalandi wenye mpira wa mviringo, na ule wa duaradufu ulimsumbua mwanzoni.

Mwaka 1987, dakika za mwisho za nusu fainali dhidi ya Hawthorn, alikatiza kinyume cha sheria mbele ya Gary Buckenara wa Hawthorn aliyekuwa akijiandaa kupiga. Mwamuzi akamsogeza Buckenara mita 15 karibu na goli, naye akafunga kipenga cha mwisho kikiwa kimeshalia, Melbourne nje. Wengine wangefungasha virago. Yeye alicheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi iliyonishinda kuielewa, na mwaka 1991 akatwaa medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi.

Mwaka 1994 alishiriki kuanzisha taasisi ya vijana iitwayo Reach. Mwaka 2008 akawa mwenyekiti wa klabu yake iliyozama kwenye madeni, akaongoza harambee ya kuyalipa. Saratani iligundulika 2009. Aliendelea kufanya kazi akitibiwa. Alifariki Machi 2012, miaka 45, akazikwa kwa heshima za kiserikali.