Umetoa viazi, shamba liko wazi, Oktoba imefika: hesabu kurudi nyuma

Jana usiku mama mmoja anayeishi Bahati, huku Nakuru, amenitumia meseji, ati ametoa viazi, robo tatu ya ekari imebaki wazi, ako na ng'ombe watatu wa maziwa na swali lake ni moja tu: kaka, si nimechelewa kupanda chakula cha ng'ombe cha Januari, wakati wa ukame? Nimeisoma mara mbili. Hilo swali mimi miaka minne iliyopita sikuuliza mtu, nilijijibu mwenyewe, na nililipa.

Wacha niwaeleze vile ilienda. Niko Elburgon, upande wa msitu wa Mau, na ile Oktoba nilikuwa naambia kila mtu mvua bado iko, nikipata pesa ya mbegu ndo nitapanda. Pesa ikakuja katikati ya Novemba. Nikapanda oti, nafaka inayofanana na ngano ambayo unaikatia ng'ombe ikiwa mbichi, zikamea vizuri sana mpaka watu wanasimama barabarani kuangalia, halafu kabla ya Krismasi mvua ikakatika na oti ziko kwa goti. Zikaanza kunyauka. Nikarudi kwa mwenye duka aliyeniuzia mbegu, akaniambia ongeza CAN, ile mbolea yenye naitreti, zitaamka. Nikamwaga mfuko mzima kwa udongo mkavu.

Januari ikanyesha siku moja tu, mvua ya kama dakika 20, na kweli oti ziliamka, kijani mpaka zinakaribia kuwa nyeusi. Nikafurahi. Siku ya tatu nikakata za kutosha nikazitupa kwa hori, na ng'ombe walikuwa wamelala njaa kwa hivyo walikula kama hawajawahi kuona chakula. Saa tisa mchana Nyota akaanza kuyumba. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Anahema kama amekimbizwa, ufizi umeacha kuwa waridi umekuwa kahawia, na sikuelewa naona nini. Daktari wa mifugo alikuja na boda, akamtoa damu na ile damu ilikuwa rangi ya kakao. Alikuwa amebeba dawa ya bluu ya kudunga kwa mshipa, ikaokoa mwenzake Mwezi ambaye alikuwa amekula kidogo. Nyota alienda kabla jua lizame.

Hiyo ndiyo sumu ya naitreti na nitaieleza polepole kwa sababu sitaki mtu mwingine aijue kama mimi. Mmea ukiwa na kiu hauwezi kugeuza mbolea iwe protini, kwa hivyo ile naitreti inabaki imejaa kwa bua, hasa sehemu ya chini. Mvua kidogo ikikuja mizizi inavuta nyingine nyingi kwa mara moja. Ng'ombe akila, tumboni inageuka kuwa naitraiti, inaingia kwa damu na damu inaacha kubeba oksijeni. Ng'ombe anakosa hewa akiwa amesimama nje kwa upepo. Kwa hivyo kama oti zako zimekaa kiu halafu mvua ikanyesha, usikate hiyo wiki, ngoja siku kumi hivi. Ukikata acha shibiri nzima chini. Usipelekee ng'ombe mwenye njaa, mpe nyasi kavu kwanza. Na usidhani ukianika iwe hei sumu itatoka, haitoki. Kwa sailej, yaani majani yaliyokatwa na kufungiwa bila hewa mpaka yachachuke, inapungua, lakini haiishi yote. CAN weka mvua ikiwa bado inanyesha, ikishakatika wacha hiyo mbolea kwa stoo.

Yule mwenye duka mpaka leo hajawahi kuniambia hata pole. Tunapitana sokoni.

Mwaka uliofuata sikupanda kitu. Nilinunua hei mpaka pesa ya chama ikaisha, na hiyo sehemu siirudii.

Mambo yalibadilika kwa simu ya binamu yangu anayeishi Marekani, Wisconsin. Alinitumia picha ya shamba la oti lenye kulungu, wale wa mkia mweupe, kama kumi hivi wameinamisha vichwa. Nikamuuliza kwani huko ng'ombe wenu wako namna hiyo, akanieleza kumbe kuna watu huko wanapandia kulungu chakula makusudi. Wawindaji. Msimu wa bunduki kwao ni siku 9 za Novemba, na wanataka wakati huo shamba lao ndilo liwe kijani wakati kila kitu kingine kimekauka, ndo kulungu waje wenyewe. Tanipu, mboga ya jamii ya kabeji, wanazipanda kama Julai ikiisha au Agosti ikianza, oti zinafuata Agosti ikiisha, na baada ya sakitu kupiga, ile baridi inayogandisha umande, majani ya tanipu yanakuwa matamu kwa sababu wanga unageuka sukari. Sisi hapa uwindaji ulipigwa marufuku 1977 na mimi sina haja nao. Lakini kuna kitu alisema kikanikamata: hakuna mtu huko anaanza kuhesabu kutoka siku amepata mbegu. Wanaanza na siku ya sakitu ya kwanza, wanahesabu wiki kurudi nyuma, wakifika hapo ndo wanapanda.

Mimi nilikuwa nahesabu kutoka kwa mfuko wangu. Hilo tu ndilo lilimuua Nyota, ile CAN ilimalizia.

Kwetu sakitu sio shida sana, hata ikipiga Molo oti zinavumilia. Siku yetu ya mwisho ni ile mvua inakatika. Huku kwangu kufikia katikati ya Desemba sitegemei mvua tena, nikiongeza wiki mbili tatu za unyevu ulio kwa udongo nafika mwaka mpya. Oti zinataka wiki 10 hadi 12 ndo zitoe masuke na punje ukiifinya itoe maziwa, na hapo ndo pa kukata, ukingoja zaidi unakata majani ya kutandikia. Toa wiki 12 kutoka mwaka mpya, uko wiki ya pili ya Oktoba, kama tarehe 9. Nikakopa pesa ya mbegu Septemba. Ndio, nilikopa, na nitakopa tena.

Sasa Februari iliyopita, wakati majirani wanakata matawi ya miti, Mwezi alikuwa ananipa lita 16 kwa siku, na ile Februari ya hei alikuwa anatoa 6. Nimeandika kwa kitabu, ukikuja nyumbani nitakuonyesha. Watu waliniambia oti ni ya wazungu wa zamani, panda nyasi ya neipia kama wengine. Kwa baridi ya huku neipia inakua polepole sana, ukiipanda Oktoba haitakulisha Januari.

Mambo ya kupanda yenyewe ni machache. Baada ya viazi ndo pazuri kwa sababu udongo ni laini na mbolea ya viazi bado imebaki. Changanya na vechi, mmea wa jamii ya kunde, inapanda juu ya oti kama maharagwe kwa mahindi na inaongeza protini, mimi hutumia kilo 30 za oti na kama 10 za vechi kwa ekari. Usizike mbegu ndani sana. Na usinunue mbegu bila kuotesha chache kwa kitambaa kilicholowa, siku tano unajua ukweli. Hesabu kurudi nyuma, nasema tena.

Halafu ua. Tafadhali weka ua kabla ya Desemba. Shamba la kijani Januari linaonekana kutoka mbali sana, mbuzi wa kijiji kizima watajua. Kwangu hata pongo, yule swala wa vichakani, alitoka msituni, asubuhi mbili mfululizo, dume mwenye pembe zimejisokota, akasimama kwa oti kama yule wa picha ya binamu yangu. Jirani akaleta waya wa mtego. Nikamwambia hapana, sheria iko, na hata kama haingekuwa hapana. Nikaongeza miiba pale alipokuwa anapita na hakurudi.

Mama wa Bahati, kwako kuna joto kuliko huku, kwa hivyo oti zitawahi kidogo. Kwa robo tatu chukua kilo 23 za oti na 7 au 8 za vechi, mbegu ikiwa chini hii wiki ama ijayo uko sawa. Ikipita tarehe 20 usipande hiyo robo tatu yote, panda kipande, na hiyo pesa nyingine nunua hei sasa kabla bei ipande.