Kontakta kuu inanata kila mara: tatizo liko wapi?

Swali: Nimetoa injini ya Volkswagen Beetle ya mwaka 1970 nikaweka mota ya umeme, giaboksi nikaiacha ileile. Betri ni ya volti 144. Kontakta kuu, yaani swichi kubwa inayounganisha betri na kontrola (kifaa kinachoendesha mota), imeshanata mara mbili: nazima ufunguo, kontrola inabaki na umeme. Rezista ya kujaza polepole kapasita za kontrola (zinazohifadhi umeme) kabla kontakta haijafunga ipo, ohmu 100, na taima hufunga kontakta baada ya sekunde 2. Fundi ananishauri ninunue kontakta ya ampea nyingi zaidi. Itasaidia?

Jibu: Haitasaidia, labda ichelewe kidogo kunata. Pointi za kontakta yako, vile vipande vya chuma vinavyogusana, zinayeyuka wakati wa kufunga, si wakati gari linatembea.

Kapasita tupu za kontrola hupokea umeme kana kwamba ni shoti. Njia nzima ya nyaya ikiwa na ohmu 0.02, volti 144 zinasukuma ampea 7,200 kwa kufumba na kufumbua. Rezista yako inazishusha hadi ampea 1.44. Kapasita zikiwa za mikrofaradi 1,000, zinafika asilimia 95 kwa sekunde 0.3 na kujaa kwa nusu sekunde. Kwa hiyo sekunde 2 zinatosha na kubaki. Kama pointi bado zinaungua, basi kuna kifaa kinachokunywa umeme huo kabla kapasita hazijajaa.

Mshukiwa wa kwanza ni kigeuzi cha volti 12, kile kinachoshusha volti za betri kuu na kilichochukua nafasi ya dinamo. Wengi hukifunga upande wa kontrola, nacho huamka mara tu volti zinapopanda. Kupitia ohmu 100, mzigo hauwezi kupata zaidi ya wati 52 hivi. Taa za mbele peke yake zinataka zaidi ya hapo. Volti zinakwama, tuseme kwenye 60, taima inahesabu sekunde zake bila kujua, kontakta inafunga juu ya tofauti ya volti 84. Hizo ni ampea 4,200. Hita ya umeme iliyofungwa upande huohuo hufanya vilevile.

Pima uhakikishe. Chomoa plagi ya kutenganisha betri, kwa sababu kontakta iliyonata haikulindi hata ufunguo ukiwa umezimwa. Subiri, kisha pima kontrola hadi volti ziwe karibu na sifuri. Ukishaweka kontakta nyingine isiyonata, chomoa waya wa koili yake (sumaku ya umeme inayovuta pointi) ili isifunge. Weka gia huru, inua magurudumu ya nyuma, funga mita ya volti 1,000 kwenye terminali mbili za kontrola, rudisha plagi, washa ufunguo. Usizidishe sekunde 5: volti zikikwama kwenye 60, rezista inabeba wati 70. (Kama ni ya wati 5 tu, ibadilishe kwa ya wati 50 yenye ganda la alumini.) Volti zikikwama au zikipanda na kushuka, toa fyuzi ya kigeuzi urudie. Zikifika karibu 144, umempata mwizi.

Dawa ni waya wa kuruhusu kigeuzi, ule unaokiamsha: uupe umeme kutoka pointi ndogo za pembeni za kontakta kuu, ili kigeuzi kiamke kontakta ikishafunga. Hita iwe na relei yake. Taima nayo iondoe. Weka kifaa kinachopima volti, kifunge kontakta zikifika 137, na kikate kila kitu zisipofika ndani ya sekunde 2.

Kipimo kikiwa safi, angalia betri ya volti 12. Ikiwa dhaifu, koili huachia na kushika tena mota ikiwa inavuta, na pointi huungua hivyohivyo. Tazama pia alama za + na − kwenye kontakta yenyewe. Baadhi zina upande, na zikigeuzwa hushindwa kuzima cheche zinapokata mzigo.

Kontakta iliyonata ikiachia baada ya kugongwa, usiirudishe garini. Nyingi zimezibwa kabisa zikiwa na gesi ndani, pointi hazifunguliki wala hazipigwi msasa.